Sigara katika nyumba ya kupanga: yanayosemwa na ukweli wake

Katika nyumba za vyumba sita za Tandika na Manzese, jijini Dar es Salaam, husemwa kwamba mpangaji akishalipa kodi ya miezi sita, anachovuta chumbani kwake hakimhusu mtu mwingine. Ukweli ni kwamba katika nyumba nyingi za aina hiyo ukuta wa kati huishia usawa wa kenchi na juu yake hakuna dari, hivyo moshi hupanda, huvuka ukuta, kisha humshukia mtoto mchanga aliyelazwa ndani ya chandarua chumba cha pili. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo husababisha saratani. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilitamka wazi kuwa hakuna kiwango chake kilicho salama.

Kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi. Feni huusukuma tu moshi, na nikotini hung'ang'ania godoro, mapazia na kuta, hata mpangaji mpya akipaka rangi nyeupe madoa ya manjano huweza kujitokeza tena.

Wenye nyumba nao wana dhana yao, ambayo kwangu ndiyo inayovuruga zaidi amani ya nyumba: kwamba katazo la mdomo linatosha, na anayelikiuka atolewe vyombo nje siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba hana mamlaka ya kujihukumia; mgogoro wa pango ukishindikana kwa mazungumzo hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko neno la koridoni ni gumu kulithibitisha. Sharti la kutovuta sigara liandikwe katika mkataba na lisomwe mbele ya dalali kabla fedha hazijapokelewa, likitaja chumba, korido, baraza na choo, likionyesha pia mahali panaporuhusiwa, kwa mfano nyuma ya uzio mbali na madirisha, pawekwe kopo la mchanga la kuzimia vipisi. Lieleze onyo litatolewaje kwa maandishi na nani atagharimia rangi.

Wala si kweli kwamba sharti hilo ni la wapangaji peke yao. Baba mwenye nyumba anayevuta barazani kila jioni, chini ya dirisha la mpangaji wake, naye aandikwe humo pamoja na wageni wake.