Maana ya "kusawazisha" majina ya simu

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayekaa mtaa wa Himbi, hapa Goma, alinijia na simu mpya mkononi na uso uliokunjamana. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa amegeuza kompyuta kuukuu kuwa seva, yaani mashine inayotunza data na kuvihudumia vyombo vingine, akaiweka juu ya kabati la sebuleni, akaiunganisha na simu yake, na tangu siku hiyo hakuacha kutuambia kwamba majina na namba zake zote "zimehifadhiwa". Kisha simu ile ya zamani ikapita mikononi mwa mtoto wa nyumbani, ambaye aliona vyema kuisafisha kabla ya kuichezea, akachagua majina yote na kuyafuta. Mwenye simu alipoiunganisha simu mpya na seva, alikuta kitabu cha majina kitupu. "Lakini yaya, mimi nilisha hifadhi yote kwa seva," alisema ("yaya" kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa), kwa sauti ya mtu aliyedanganywa. Seva haikumdanganya. Ilitimiza kwa uaminifu kazi aliyoipa, ila jina la kazi hiyo lilikuwa tofauti na lile alilokuwa akilitangaza mtaani.

Kosa hilo silisikii kwake tu. Mafundi wa simu wa mtaa wa Birere humwambia mteja kwamba wakishamsinkronizia hatapoteza kitu, na hata watu wenye ujuzi wa kuendesha seva zao wenyewe, ambao wangepaswa kuwa waangalifu zaidi, hulitumia neno "sinkro", yaani kusawazisha, na neno "sovegarde", yaani kuhifadhi nakala, kana kwamba ni majina mawili ya kijiji kimoja.

Kusawazisha majina ya simu ni kuyafanya yaliyomo katika simu na yaliyomo katika seva yawe yale yale, kwa kupeleka kila badiliko la upande mmoja hadi upande wa pili. Fasili ni hiyo, na neno la kuliangalia ndani yake ni "kila", kwa sababu kufuta nako ni badiliko. Utaratibu unaotumiwa na seva nyingi za nyumbani, ziwe za programu ya Radicale, ya Baïkal au ya Nextcloud, unaitwa CardDAV, na ulichapishwa mwezi wa Agosti 2011 kwa namba RFC 6352 (RFC ni hati zenye kanuni za mtandao). iPhone inauelewa bila kuongezewa kitu, na simu ya Android huhitaji programu kama DAVx5. Kila mtu aliyemo katika simu yako huwa kadi moja yenye kitambulisho chake cha kudumu, na kila kadi ina alama ya toleo inayobadilika kadi ikiguswa. Kwa anayetaka tu kuelewa neno, hayo ya mitambo yanatosha.

Neno lenyewe ndilo lenye utamu. Wazungu wanasema "synchronisation", na walilitunga kutokana na Kigiriki: "syn", yaani pamoja, na "khronos", yaani wakati. Kwa hiyo neno lao linazungumzia saa, mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja, kama wapiga ngoma wawili. Ukilichukua hivyo utapotoka mapema, kwa sababu usawazishaji wa majina ya simu hauhitaji pande mbili ziwe macho kwa wakati mmoja. Umeme ukikatika tangu asubuhi hadi usiku na seva ikalala, simu yako inaendelea kuwa na kitabu kizima cha majina, unaongeza na kurekebisha upendavyo, na mabadiliko hayo hukaa yakisubiri. Seva ikirudi, yanapelekwa. Wakati haukuwa wa pamoja hata kidogo. Kilichokuwa cha pamoja ni matokeo.

Kiswahili kilipata bahati ya kupita njia nyingine. Tulichukua "sawa", lililotoka katika Kiarabu "sawāʾ", lenye maana ya kulingana, tukalitia katika kauli ya kutendesha, tukapata "sawazisha": kufanya vitu vilingane. Wapo wanaopendelea "landanisha", kutoka "landa", yaani kufanana, na sina ugomvi nao, ingawa naona kwamba ndugu wanaolandana wanaweza bado kutofautiana kwa mengi, ilhali simu na seva zilizomaliza kazi hazitakiwi kutofautiana hata kwa herufi moja. "Sawazisha" ni kali zaidi, na kwa kazi hii ukali huo unafaa.

Nadhani tatizo limeanzia redioni. Neno hili wengi wetu tunalisikia zaidi katika mpira: timu iliyokuwa nyuma imesawazisha, mabao yamekuwa mawili kwa mawili. Katika mpira, anayesawazisha huongeza. Hakuna timu inayosawazisha kwa kumpunguzia mwenzake bao (na refa akilifuta bao, mtangazaji hutumia neno jingine, kwa hasira). Sikio likishazoea hivyo, mtu akiambiwa kwamba simu na seva zitasawazishwa, anafikiri kwamba penye pungufu pataongezwa, basi. Hafikirii kwamba penye zaidi panaweza kukatwa.

Fundi wa ujenzi angemweleza vizuri kuliko mtangazaji. Katika mji huu, ambao sehemu yake kubwa imekaa juu ya mawe ya volkano, kila aliyejenga anajua kazi ya kusawazisha parsele, yaani kiwanja. Vijana huja na nyundo nzito, huvunja nundu za jiwe jeusi, na vipande vinavyopatikana hujaza mashimo. Kusawazisha kuna mikono miwili: kukata na kujaza. Hata ukiisikitikia, nundu yako uliyoipenda haitabaki kwa sababu hiyo. Kinachoamua pa kukata na pa kujaza ni uzi uliovutwa kutoka kigingi hadi kigingi.

Na kwa kweli usawazishaji wa majina nao una uzi wake, jambo ambalo watu wengi hawalijui na ambalo ndilo kiini cha elimu yote hii. Chukua hali rahisi: namba ya fundi wa maji ipo katika seva, lakini haipo katika simu. Je, umeiongeza katika seva juzi, na simu bado haijapata habari? Au ulikuwa nayo kotekote, ukaifuta katika simu, na seva ndiyo ambayo bado haijapata habari? Ukitazama pande mbili tu, huwezi kujua, na mashine pia haiwezi. Inahitaji kitu cha tatu, kumbukumbu ya jinsi pande mbili zilivyokuwa mara ya mwisho zilipopatana. Kama namba ilikuwapo siku ya mapatano hayo, imefutwa. Kama haikuwapo, imeongezwa. Ndiyo maana simu huweka alama ya mapatano ya mwisho, na ikirudi kwa seva huuliza: tangu alama hii, nini kimebadilika? Ombi hilo lilipewa kanuni zake mwaka 2012, katika RFC 6578, na humo seva hutaja pia vilivyoondolewa, ikiviwekea namba 404, ile ile tuliyoizoea tunapofungua ukurasa usiokuwapo. Kufuta kumewekewa njia rasmi ya kusafiri. Mtoto alipofuta majina, habari ilipanda hadi sebuleni kwa njia hiyo, ikashuka kwa simu mpya kama ilivyopaswa.

Sasa tulitazame neno tulilolionea, yaani "kuhifadhi". Nalo ni la Kiarabu, la mzizi ule ule wa hafidhi aliyeiweka Kurani moyoni, na maana yake ni kulinda kitu kisipotee wala kisiharibike. Sisi wa huku hatuna udhuru wa kutolielewa, maana Hifadhi ya Virunga iko mlangoni petu tangu mwaka 1925. Mti ukikatwa nje ya mpaka wake, hatutarajii mwingine ukatwe ndani ili pande mbili zilingane. Hifadhi kazi yake ni kukataa kulingana na nje. Anayehifadhi hushikilia hali ya siku fulani hata kama mengine yote yamebadilika, na anayesawazisha hufuata mabadiliko popote yanapokwenda. Ni kazi mbili zinazovutana, na kuziita kwa jina moja ni sawa na kumwita mlinzi wa lango "dereva" kwa sababu wote wawili wanashughulika na gari.

Nakiri kwamba kuna chembe ya kweli inayowapoteza watu. Simu ikiibwa, ikianguka ziwani au ikifa betri moja kwa moja, majina yanabaki katika seva. Hata ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, au ukiiondoa akaunti ya seva katika simu, seva haiguswi, kwa sababu hapo hukufuta kadi yoyote. Umevunja uhusiano tu. Mtoto wetu angefanya hivyo, tusingekuwa na kisa. Kwa hiyo usawazishaji unakukinga na kifo cha chombo. Haukukingi na kosa la mkono, na kosa la mkono, kwa uzoefu wangu, hutokea mara nyingi zaidi.

Lipo pia kosa dogo la pili, linalotokana na "sawasawa". Wengine hudhani kwamba kusawazisha ni kupanga vizuri, kisha hushangaa kumkuta fundi wa maji mara tatu: moja kwa namba inayoanza na sifuri, moja kwa +243, na ya tatu kwa +250, ile anayoitumia akivuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Hizo ni kadi tatu zenye vitambulisho vitatu, na usawazishaji utazipeleka zote tatu kwa uaminifu. Vurugu ikisawazishwa inakuwa vurugu pande zote mbili. Vilevile majina uliyoyaweka katika laini (kadi ya SIM), au katika kumbukumbu ya simu yenyewe nje ya akaunti ya seva, hayaguswi kabisa, na wengi huligundua hilo wakiwa wamechelewa.

Kama kusawazisha hakutoshi, neno la kuongeza tunalo: "nakala". Limetoka katika kitenzi cha Kiarabu "naqala", ambacho maana yake ni kunakili na pia kuhamisha, kubeba kitu kutoka mahali kwenda mahali. Napenda maana hiyo ya pili, kwa sababu inatukumbusha kwamba nakala inayokaa juu ya kabati lile lile bado haijasafiri. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, watu waliondoka na walichoweza kubeba kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi na Bukavu. Simu ilitoka ikiwa mfukoni. Seva isingetoka.

Nakala ya majina ni jambo jepesi kuliko jina lake. Programu ya majina katika simu ina sehemu ya kutoa majina yote katika faili moja la aina ya .vcf, na faili hilo, kwa watu wengi, ni dogo kuliko picha moja. Liandike tarehe, lipeleke mahali ambapo usawazishaji hauna mkono: flash iliyowekwa kwa dada, au barua pepe uliyojitumia mwenyewe. Mwenye Radicale anaweza kwenda mbali zaidi, kwa kuwa inaweka kila kadi kama faili na inakubali kuunganishwa na Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, hivyo kila badiliko likabaki na historia yake. Hapo ndipo seva inapoanza kuhifadhi, na hata hapo si usawazishaji unaohifadhi; ni historia uliyoiongeza juu yake.

Mdogo wangu alipata tena sehemu ya namba zake. Alizitoa katika laini ya zamani, aliyokuwa ameiacha kwenye droo bila kuiunganisha na chochote, na namba hizo zilikuwapo kwa sababu hiyo hiyo: hakuna aliyezisawazisha. Majina mengine anayatafuta mtu kwa mtu mpaka leo. Nilimwomba kitu kimoja tu, na ninakiomba pia kwa mafundi wa Birere. Mtu akiuliza kuhusu majina yake, aambiwe kwamba yamesawazishwa na seva, kwa kuwa ndivyo ilivyo na ni kazi nzuri. Neno "yamehifadhiwa" lingoje mpaka mwenye simu aweze kusema faili la nakala liko wapi na ni la tarehe gani.