Utando mwembamba wa maji na kikomo cha kani yake

Anayejaribu kutenganisha vioo viwili vilivyolowa hutambua upesi kwamba kuvitelezesha ni rahisi kuliko kuvivuta wima. Kinachovishikilia ni utando wa maji uliobanwa katikati, na kila ninapounda modeli ya utando kama huo hapa Nairobi naanza na swali moja: shinikizo ndani yake linaweza kushuka hadi wapi?

Mlinganyo wa kani ya utando huo ni wa zamani. Josef Stefan alichapisha hesabu ya sahani mbili za duara mwaka 1874. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaweka nadharia pana zaidi, baada ya majaribio ya Beauchamp Tower kuonyesha kwamba mafuta ndani ya beringi inayozunguka hujenga shinikizo la kutosha kusukuma nje kizibo cha mti. Kwa sahani za Stefan, kani hukua kwa mnato (ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka), kwa kasi na kwa kipeo cha nne cha nusu kipenyo, kisha hugawanywa kwa kipeo cha tatu cha mwanya. Mwanya ukipungua kwa nusu, kani huwa mara nane.

Tuchukue sahani za kioo zenye nusu kipenyo cha sentimita 2, zilizoachana kwa mikromita 10 za maji, zikivutwa kwa kasi ya milimita 1 kwa sekunde. Mlinganyo unatoa takriban nyutoni 750. Hesabu ni sahihi, lakini jibu haliwezekani, kwa sababu linataka shinikizo la katikati lishuke kwa kilopaskali 1,200, ilhali hewa ya Nairobi, katika mwinuko wa karibu mita 1,800, ina takriban kilopaskali 82 tu. Maji ya kawaida yana hewa iliyoyeyuka, hivyo shinikizo likikaribia sifuri viputo hutokea na utando hukatika. Kwa eneo la sahani hizi kikomo ni kama nyutoni 103; Mombasa kingekuwa karibu 127. Anayenakili kilopaskali 101 za usawa wa bahari kutoka kitabuni anaipoteza tofauti hiyo yote, jambo linalonisikitisha kwa kuwa mstari mmoja tu wa programu ungetosha kuizuia.

Ukivuta polepole sana, kani ya mnato hufifia na hubaki ile ya mvutano wa uso pembezoni, ambayo haitegemei kasi: kama nyutoni 18 kwa mfano wetu, ikiwa maji yanalowesha kioo kikamilifu. Sahani zikizamishwa majini, hata hiyo hutoweka, kwa kuwa hapana tena mpaka wa maji na hewa.

Chini ya nanomita 100 hivi huingia kani za van der Waals, yaani mvuto dhaifu kati ya molekuli, ambazo mwanasayansi Hamaker alizijumlisha mwaka 1937, pamoja na kani za chaji zilizo kwenye nyuso. Mwanya ukibaki wa molekuli chache, kani hubadilika kwa zamu kati ya kuvuta na kusukuma kadiri tabaka za molekuli zinavyobanwa nje, kama Horn na Israelachvili walivyopima mwaka 1981 kati ya nyuso za maika, madini yanayopasuka kuwa tabaka laini sana. Hapo mnato tuliouzoea haufai tena, nami huuacha mlinganyo wa Reynolds na kuihesabu kila molekuli peke yake.