Unyumbufu wa seli za saratani: tabia hubadilika, jeni hazibadiliki

Seli ya ini na seli ya neva za mtu mmoja zina DNA ileile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Seli ya saratani nayo hutumia njia hiyo: huacha mwenendo mmoja na kushika mwingine bila herufi hata moja ya DNA yake kubadilika. Uwezo huo ndio unyumbufu wa seli.

Mwaka 1976 mtafiti wa saratani Peter Nowell alieleza kwamba uvimbe hukua kwa uteuzi: seli iliyopata badiliko la jeni lenye faida huzaana na kuzipiku nyingine. Ni kweli hadi leo, ila haitoshi.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio ninalolipenda kuliko yote katika mada hii. Seli za saratani ya mapafu ziliwekewa dawa ya kuzuia EGFR, protini inayozichochea kukua. Karibu zote zilikufa. Zilizosalia ni takribani 3 kati ya 1,000, nyingi zikiwa zimetulia tuli bila kugawanyika. Dawa ilipoondolewa, zilianza kukua tena, na vizazi vyao vikauawa na dawa ileile kama mwanzo. Hapo pana jambo zito. Lau seli hizo zingeokolewa na badiliko la jeni, watoto wao wangerithi moja kwa moja ukinzani huo, yaani uwezo wa kuistahimili dawa. Wao waliupoteza.

Siri iko kwenye ufungaji wa DNA. Uzi wake umezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, na alama za kikemikali huukaza au kuulegeza, hivyo jeni hunyamazishwa au kuamshwa. Seli ikigawanyika, alama nyingi hupita kwa watoto wake, lakini zaweza pia kufutwa. Huu ndio uwanja wa epijenetiki.

Kipimo kinachosoma mpangilio wa DNA pekee hakiwezi kuzibaini seli hizo zilizojituliza. Tena, kadiri zinavyoendelea kuishi chini ya dawa, baadhi yake huja kupata badiliko la jeni na ukinzani ukawa wa kudumu.

Hata hivyo, kinachogeuka chaweza kugeuzwa. Katika aina moja ya saratani ya damu, leukemia kali ya promielositi, dawa ya jamii ya vitamini A huzisukuma seli changa zikomae na kufikia ukomo wake wa kawaida, ingawa jeni yenye hitilafu ingali ndani yake.