Maonyesho ya michoro ya watoto wa maternele (chekechea): mkono wa mtoto uonekane

Mwaka 1946, mji wetu wa Lubumbashi ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa vistari vidogovidogo. Bela akaacha brashi, akapaka rangi kwa ncha za vidole.

Huwa nawataja hao kila shule inapotuita kuisaidia kuandaa maonyesho. Mwaka fulani niliingia shule moja nikakuta ukutani kuku thelathini, wote sura moja. Mwalimu ndiye aliyewachora, watoto wakajaza rangi tu. Mama mmoja alizunguka mara mbili akitafuta kuku wa mwanawe, mwisho ikabidi afunue karatasi asome majina nyuma.

Mtoto wa miaka mitatu au minne humchora mtu kama kichwa kikubwa chenye miguu, tumbo hana. Ndivyo umri huo unavyochora. Ukimwongezea tumbo, umemnyang'anya mchoro wake.

Vifaa visiwasumbue. Makala, yaani mkaa, yanachora vizuri, na kartoni za dukani zinatosha. Udongo mwekundu wa kichuguu, ukichekechwa na kukorogwa katika uji mwepesi wa unga, unatoa rangi nzuri ya vidole. Ila hapa kwetu angalieni mnakouchota. Udongo wa karibu na viwanda vya madini, machimbo au marundo ya mabaki ya kuyeyushia shaba unaweza kuwa na madini ya risasi na metali nyingine zenye sumu, na watoto hawa hulamba vidole. Kama hamjui historia ya kiwanja, tumieni makala.

Tundikeni michoro kwenye kamba kiasi cha sentimita 90 kutoka chini, usawa wa macho ya mtoto. Wazazi watachuchumaa, na wakichuchumaa wataanza kuongea na watoto badala ya kuongea wao kwa wao. Juni hakuna mvua, ila upepo wa kiangazi haucheki na mtu: kila karatasi vibanio viwili vya nguo. Anzeni saa nne, baridi ya asubuhi ikiisha, mmalize kabla ya njaa.

Mzazi asiulize "Hii ni nini?" Aseme "Nielezee." Mtoto mmoja alinionyesha mviringo mweusi na mistari mitatu: "Kambo eko anakimbiza kuku." (Kambo kwetu ni babu au bibi.) Tuliandika hivyo hivyo chini ya mchoro, Kiswahili chake bila kusahihishwa. Kambo mwenyewe alikuwepo; alicheka mpaka akakaa chini.

Wa kwanza na wa pili msitangaze. Saa ya kuondoka, kila mtoto ashushe mchoro wake kwa mkono wake na aubebe mwenyewe hadi nyumbani. Wa rangi ya udongo ubebwe wazi juu ya kartoni. Ukikunjwa kabla haujakauka, unagandana.