Je, ni lazima uwe na kompyuta yenye nguvu ili uanze kuandika programu?

Wengi huamini kwamba huwezi kuanza kuandika programu bila kompyuta ya bei kubwa na zana nzito za kitaalamu. Si ajabu, maana picha tunazoonyeshwa ni za skrini tatu zilizojaa rangi.

Ila msimbo, yaani maagizo unayoiandikia kompyuta, ni maandishi ya kawaida tu. Python, moja ya lugha za kuandikia programu, ilitolewa mwaka 1991, enzi ambazo kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti chache. Ni ya bure, na hata kompyuta kuukuu huimudu. Nguvu ya mashine huhitajika ukifikia kazi kubwa, kama michezo ya video au kufunza akili unde.

Jihakikishie mwenyewe. Fungua dirisha la amri (Terminal, au Command Prompt kwenye Windows), andika python3 --version (kwenye Windows, py --version). Ikitokea namba, Python ipo. Isipotokea, ipakue kwenye tovuti yake rasmi. Kisha fungua kihariri cha maandishi kilichokuja na kompyuta (kwenye Windows ni Notepad), andika print("Habari"), hifadhi kwa jina salamu.py, halafu ukiwa kwenye folda hiyo hiyo toa amri python3 salamu.py, au py salamu.py.

Kinachowakwamisha wanaoanza mara nyingi si mashine. Notepad inaweza kuhifadhi faili kama salamu.py.txt bila wewe kujua, kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha herufi hizo za mwisho. Na ukiandikia kwenye Word, alama za kunukuu hupinda, Python ikazikataa kwa ujumbe wa SyntaxError, yaani kosa la uandishi wa msimbo. Zifute, uziandike upya kwenye kihariri cha kawaida.