"Mtoto amekula chakula." Chakula gani? Maneno ya jikoni Uganda na lishe ya watoto

Mwanangu hushiba matooke (ndizi za kupika) kila siku. Mbona kliniki wanasema lishe yake haitoshi?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiganda, emmere ni kile kinachojaza tumbo: matooke, viazi, muhogo, posho (ugali wa mahindi). Maharage, samaki, nyama na mboga za majani vinavyoliwa nacho huitwa enva. Sisi Waswahili wa Kampala na Bombo tumeizoea lugha hiyo: tunasema mtoto "amekula chakula", kitoweo hata hatukitaji. Matooke yana wanga na potasiamu, ila protini na madini ya chuma ni haba sana. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa emmere iliyolowanishwa na mchuzi tu, mtoto hushiba na kulala vizuri, kumbe mwili umekosa cha kujijengea. Hali ikiendelea, miguu na uso huvimba, nywele hupauka: hiyo ni kwashakoo, na mtoto wa hivyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, mama, mhudumu akikuuliza mtoto alikula nini, anza kumtajia enva.

Kitobero ni nini?

Ni chakula cha mtoto kilichochanganywa, na kwangu mimi hakuna neno la jikoni lenye faida kuliko hili. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kule hospitali ya Mulago, Kampala, kimewafundisha akina mama kukipika tangu miaka ya 1960. Hata jina la kituo limetoka kwenye methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokea kwenye mbeleko.

Chukua emmere moja, tuseme matooke au kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, ambacho kina vitamini A kwa wingi. Ongeza maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumenywa maganda, au karanga zilizosagwa. Tia na kitu cha mnyama: samaki, yai au nyama iliyokatwakatwa. Weka dodo, yaani mchicha, na maji kidogo. Funga kwenye jani la mgomba lililobabuliwa, kisha uweke juu ya matooke ya familia, mvuke ule ule uivishe vyote. Hakuna haja ya mkaa wa ziada. Maharage yakilainika kabisa, ponda. Mtoto huanza kula akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mukene si chakula cha kuku?

Kuku hulishwa, ni kweli, lakini mukene ni dagaa wa Ziwa Victoria. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo hutupa protini na kalsiamu pamoja. Tafuta waliokaushwa juu ya chanja au wavu. Wa mchangani wanahitaji kuoshwa mara nyingi.

Binyebwa inafaa kwa mtoto?

Inafaa sana. Binyebwa ni karanga, na mchuzi wa karanga zilizosagwa huitwa hivyo hivyo. Hatari yake ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Ikiingia mwilini kwa muda mrefu huweza kuleta saratani ya ini. Kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana siupendi unga wa karanga wa sokoni usiojulikana ulitokana na karanga zipi. Nunua nzima, chambua, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na chungu, kisha peleka mashineni mwenyewe.

Na unga wa muhogo?

Kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Mchungu una sumu ya sianidi nyingi, na ni lazima umenywe, ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa mpaka ukauke ndipo usagwe. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua baada ya kula unga wa muhogo wenye sianidi, na 2 wakafariki. Mtu akitapika, akaumwa tumbo na kuhisi kizunguzungu muda mfupi baada ya kula ugali wa muhogo, awahishwe hospitali, na unga uliobaki usiliwe na mtu yeyote.

Mtoto anywe chai na chakula?

Hapana. Chai ya majani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na dodo. Mpe kipande cha chungwa au papai. Hivyo huusaidia mwili kuyapata.