Mimi Sijui Kuchora

Wiki hii huyu ni mzazi wa tatu. Mzee kaja ofisini kwangu, ninapodizaini kadi na ripoti, yuko na mwanawe, akaniwekea mezani daftari lililojaa picha za wachezaji mpira, penseli tupu, nzuri kweli. "Mtaalamu, huyu kaacha uhasibu mwaka wa pili anataka dizaini. Si unauona mkono wake? Japo miaka miwili ndiyo imepotea hivyo."

Mkono nimeuona. Ila mzee wangu, mimi ukiniambia nichore mbuzi, utadhani meza. Na uhasibu niliuacha mwaka huohuo wa pili.

Kuchora ni kuchora. Dizaini ni kuamua: jicho lianzie wapi, lipumzike wapi, kipi kitolewe. Programu atazizoea kwa miezi. RGB na CMYK, yaani rangi za kioo cha kompyuta na rangi za wino, atafundishwa na mashine ya kuchapa ya ofseti siku bluu yake ya kwenye kioo itakapotoka zambarau kwenye vipeperushi elfu. Milimita 3 za kukatia, yaani rangi kuzidi ukingo ili kisu kisiache weupe, vivyo hivyo. Tupite.

Kinachonikera ni hiyo "imepotea". Imepotelea wapi? Kazi ya kwanza iliyonilipia kodi ya nyumba ilikuwa ripoti ya mwaka ya saccos moja. Aliyenitangulia alikuwa dizaina hodari kuliko mimi, na tarakimu zote alizipanga katikati ya safu. Zilipendeza! Ila 985,000 ikiwa katikati juu ya 12,400,000, malaki yanakaa juu ya mamilioni, na msomaji anabaki kuhesabu sifuri kwa kidole. Nikazisukuma zote kulia, elfu chini ya elfu. Bado safu ikapinda, maana kwenye ile fonti 1 ilikuwa nyembamba kuliko 8. (Fonti nyingi za maana zina tarakimu za upana mmoja, zimefichwa tu kwenye mipangilio. Zitafute kabla hujailaumu kompyuta.) Mstari mmoja juu ya jumla, miwili chini yake. Hasara nikaiweka kwenye mabano badala ya kuipaka nyekundu, kwa sababu wanachama wangepewa fotokopi, na kwenye fotokopi hasara nyekundu inafanana na faida. Hakuna hata kimoja nilichofundishwa na mtu wa dizaini.

Mhasibu wao alipoipokea hakusema inapendeza. Alikaa akaisoma, akakuta kosa la kujumlisha, lake mwenyewe.

Lakini nisiwadanganye. Mhasibu huyo tulisoma naye darasa moja kabla sijahama, na kazi tatu zilizofuata zilitoka kwa wenzetu walewale. Ningekuwa nimetokea kilimo, nani angenipigia simu? Ni ujuzi au ni kujuana? Huwa najiuliza hasa mwezi ukiwa mkavu. Na bei hadi leo zinanishinda: nimtoze mtu shilingi ngapi kwa kadi ya harusi, wakati Kariakoo wanamtengenezea bure mradi achape kwao?

Nikamwambia kijana afunge daftari. Nikampa kadi ya mchango iliyokuwa mezani, nikamuuliza mtu akiipokea anatafuta nini kwanza.

"Namba ya kutuma pesa."

"Iko wapi?"

Akaigeuza mara mbili. Ilikuwa nyuma, pembeni, imemezwa na maua. Nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia aipange upya kwa maneno matupu, asichore chochote. Alikaa saa nzima, baba yake akisinzia.

Daftari la wachezaji wamelisahau hapa. Wakisoma, waje walichukue.